Nguzo ya veranda huanza kuoza chini
Wengi Nakuru wakichagua nguzo za veranda hutazama kwanza urembo wa mchongo, ilhali maisha ya nguzo huamuliwa pale inapogusa sakafu. Mbao hunyonya maji haraka zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Ndiyo maana nguzo iliyozikwa kwenye saruji huoza chini huku juu ikingali nzuri. Iinueni juu ya kitako cha chuma, na ncha zote mbili zipakwe dawa ya kuzuia mchwa na uozo kabla ya kusimamishwa. Wapo watakaosema mtarakwa hauhitaji taabu hiyo. Ni kweli kiini chake hustahimili mchwa, lakini ni mti wa msitu wa asili unaokua polepole, na msitu wa Mau umekwisha kuumia vya kutosha. Saiprasi ya kupandwa, iliyokaushwa vizuri, inatosha ikitunzwa. Wengine hupenda vanishi kwa mng'ao wake; lakini jua la hapa, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huipasua, na mvua hupenya kwenye nyufa. Afadhali mafuta ya mbao yenye rangi, ambayo hupakwa upya bila kukwangua yote ya awali. Ndugu zangu, kabla ya kumlipa fundi, muulizeni nguzo itasimama juu ya nini.