Filamu Moja, Masikio Manne

Wenye wapenzi wa mbali mtanielewa haraka. Mume wangu yuko kikazi Mwanza, mimi niko Dar, tunaonana kwa kuibia. Desemba iliyopita alikuja kunichukua tupande basi pamoja, nikajua leo nimepata: zaidi ya kilomita 1,100 nimekaa naye bega kwa bega! Na mwenyewe kaja na sapraizi, kishikwambi kipya cha inchi 12. Kinang'aa hicho!

Tulifika Morogoro tumeshanuniana. Kishikwambi hakina tundu la hedifoni, na vile visikilizio visivyo na waya vilikuwa pea moja. Tukagawana, kila mtu sikio lake. Changu kikaisha chaji. Yeye anacheka, mimi naangalia midomo ya waigizaji. Tulipopita Singida, filamu ya pili ikadai intaneti. Kumbe bwana hakuipakua, alitegemea bando! Mpaka Shinyanga tulikuwa tunaongea mambo ya maji na karanga tu.

Kwa hiyo, shosti, na wewe kaka unayetaka kumfurahisha mwenzio, mkiingia dukani msianze na jina la kampuni. Ulizeni tundu la hedifoni kwanza. Likiwepo, mnanunua kile kiwaya kinachogawa tundu moja kuwa mawili, bei yake ya kawaida tu, mnasikiliza wote mpaka mwisho wa safari bila kuchaji masikio. Pili, sehemu ya memori kadi. Samsung Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023, kwa mfano, inavyo vyote viwili. iPad ni nzuri, sibishi, ila memori kadi haichukui, na kioo chake kimekaa kimrabamraba, filamu inabaki na mistari mipana myeusi juu na chini.

Ukubwa ndio unaogombanisha watu. Hiyo A9 ina inchi 8.7 na gramu 332, unaishika kwa mkono mmoja. Kaka yake, A9+, ana inchi 11 na gramu 480. Kwa mtu mmoja ningesema chukua kidogo. Kwa wawili, inchi 8.7 mtagongana vichwa. Chukueni kikubwa, mkiegemeze kwenye kava inayosimama.

Halafu muwe macho na vile vya bei poa mno. Vingi havina idhini inayoitwa Widevine L1, na bila hiyo Netflix haikupi picha ya HD hata kioo kiwe kizuri vipi. Fungua Netflix hapohapo dukani, ingia kwenye mipangilio, utaiona imeandikwa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Filamu pakueni nyumbani usiku wa kuamkia safari, siyo wiki mbili kabla, maana nyingine zina muda wake, na zipo zinazokufa saa 48 baada ya kuanza kuziangalia. Pawabenki ya mAh 20,000 inatosha. Mkipanda ndege, ikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linaloingia chini.

Mzee kile cha inchi 12 kampa mdogo wake. Tumenunua cha inchi 11 na kiwaya chetu, na mwezi ujao tunaipanda tena ile barabara. Filamu ya kwanza nachagua mimi.