Kituo nacho husomwa katika shairi

Kuhusu usomaji wa mashairi, nina jambo moja kutoka huku Nyansurura, Mara: kituo, yaani pale msomaji anapotua.

Shairi letu la kimapokeo huwa na mizani (silabi) 16 katika mshororo, 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi, 1954. Wanafunzi wengi huhesabu mizani kwa vidole, wakapata alama zote, kisha wakasoma mshororo kwa pumzi moja. Chukua mfano huu: "Mkulima wa mtama, shika jembe ukalime." Usipotua baada ya "mtama", kina cha kati kinamezwa, na sikio halitambui tena kwamba vipande ni viwili. Mtunzi alikuwa amekipanga kimya kile kama alivyopanga silabi.

Hata katika maneno ya kila siku, kituo hubeba maana. "Mwalimu Chacha ameondoka" ni habari ya mwalimu. "Mwalimu, Chacha ameondoka" ni mwalimu anayeambiwa habari ya mtu mwingine. Wasomaji wa Kurani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana misahafu mingi ina alama za kuonyesha pa kutua na pa kuendelea.

Walimu wenzangu, tusiishie kuuliza shairi lina mizani ngapi. Tuwasimamishe watoto walisome kwa sauti, tuwasikilize wanatua wapi, na tuwape alama kwa hilo pia.