Kampala: Gunia likimwangukia kuli, nani analipa?

KAMPALA - Gunia linapomwangukia kuli katika uchochoro wa Kikuubo, swali la kwanza ni nani atampeleka hospitali. La pili, ambalo wenye mali hawapendi kuulizwa, ni nani atalipa.

Sheria ipo. Mwaka 2006 Uganda ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ikachukua nafasi ya sheria ya zamani iliyohusu viwanda. Hii mpya inafika mpaka kwenye ghala, karakana na yadi ya malori. Mahali pa kazi panatakiwa kuandikishwe kwa kamishna aliye chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi mahali pamoja aunde kamati ya usalama.

Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, sheria yenye uzito mfukoni ni ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mfanyakazi akifa kazini, familia iliyomtegemea kabisa inastahili mapato yake ya miezi 60. Akilemaa moja kwa moja asiweze kazi yoyote, ni miezi hiyo hiyo. Tuseme dereva analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi: hesabu inafika milioni 48. Na kusema "alikuwa mzembe" hakumwokoi mwajiri, kwani sheria inataka fidia ilipwe hata hivyo. Ndiyo maana inamtaka pia akate bima.

Kwa dereva na utingo wake mambo ni wazi kiasi, kwa kuwa tajiri wao anajulikana. Kwa kuli sivyo. Asubuhi anashusha sukari ya huyu, mchana anapakia sabuni ya yule inayokwenda Juba au Goma, jioni analipwa kwa idadi ya mizigo. Mwenye lori atasema aliitwa na mwenye duka, mwenye duka atasema alikuja na lori. Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne, lakini zinadhani yuko mwajiri mmoja wa kumhesabia miezi hiyo. Mwezi Mei 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyogusa vibarua. Rais Museveni akakataa kuyatia saini.

Uzito wenyewe ni jambo jingine. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55 peke yake. Gunia la kilo 100 bado ni kipimo cha kawaida sokoni, na lumbesa inapita hapo. Kenya ilijaribu njia ya bei, si ya afya: kanuni zake za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 ili mkulima asipunjwe. Mgongo wa kuli ulifaidika kwa bahati tu.

Wapo wanaoona haya yote ni gharama ya kuepukwa. Wakumbuke Januari 2022. Madereva waligoma mpakani Malaba na Busia kupinga kipimo cha lazima cha Covid-19 kilichotozwa dola 30. Foleni ikawa ya kilomita nyingi, na baadhi ya vituo vya Kampala vikauza petroli kwa zaidi ya shilingi 10,000 kwa lita kabla serikali haijaondoa ada hiyo. Gharama ya afya ya dereva, ilipotupwa juu yake mwenyewe, ililipwa na jiji zima.

Msafirishaji asijifariji na karatasi alizo nazo. Bima ya mizigo inalinda sukari, haimlindi aliyeibeba. Kadi ya Njano ya COMESA inashughulikia watu wa nje walioumizwa na gari likiwa nchi nyingine, pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshusha mzigo ghalani.

Kinachowezekana leo, bila kungoja Bunge, ni mstari mmoja katika mkataba wa usafirishaji: nani anaajiri wapakuaji, na bima yao iko kwa nani. Mikataba mingi ya maneno matupu inayofungwa kando ya lori haiwezi kujibu hilo, na mahakamani kila upande utakuja na kumbukumbu yake.