Wanaotaharuki ni Wakubwa

Kirusi kipya kikibisha hodi, neno la kwanza kufika si barakoa wala sabuni. Ni "tusizue taharuki." Analisema mkuu wa wilaya, analisema daktari redioni, na siku hizi hata msimamizi wa kundi la WhatsApp la ukoo anafuta ujumbe wa shangazi yake kwa hoja hiyohiyo. Nyuma ya neno hilo kuna imani iliyozoeleka hadi hakuna anayeihoji: kwamba mwananchi akiambiwa ukweli mapema atachanganyikiwa, na woga wake utaleta madhara kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu inaua kuliko korona, tuliambiwa mwaka 2020, na wengi tukaitikia.

Imani hiyo ni ya uongo, na imetugharimu.

Tuanzie Kagera. Machi 16, 2023 Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, alitangaza kwamba Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiojulikana: watu saba wameugua, watano wamekufa. Jina la ugonjwa hakuwa nalo, akatangaza hivyohivyo. Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akalitaja: Marburg, ndugu wa Ebola, usio na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Kama hoja ya taharuki ina ukweli wowote, hapo ndipo Bukoba ingehama. Haikuhama. Watu walipunguza kupeana mikono na wakaendelea na maisha, ndoo ya koki na sabuni zikiwa mlangoni. Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha, wagonjwa tisa na vifo sita. Kwa ugonjwa ambao umewahi kuua watu kwa mamia Angola, hayo si matokeo ya watu waliorukwa na akili.

Sasa njoo Januari 2025, mkoa uleule, Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna washukiwa wa Marburg na vifo vinane. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan, mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akiwa pembeni yake Dodoma, akathibitisha kwamba kipo. Sitaki kudai kwamba siku zile chache ziliua mtu. Hilo ni la wataalamu kupima. Ninachojua ni kwamba mkazi wa Biharamulo alipewa majibu mawili yanayopingana ndani ya wiki moja, na mwenye akili timamu akipewa majibu mawili huanza kutafuta la tatu mitaani. Huko ndiko uvumi unakozaliwa.

Tukubaliane pia kuhusu korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, akiwa Arusha. Shule zikafungwa. Wenye maduka waliweka ndoo mlangoni bila kusubiri bwana afya aje na faini, na kwenye daladala agizo la "level siti" likashika, konda anahesabu vichwa na abiria wenyewe wakimkemea anayeng'ang'ania kusimama. Nani aliyetaharuki hapo? Kisha mwanzoni mwa Mei tukaambiwa papai na mbuzi wamepatikana na korona, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa, na takwimu zikagandia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Zilikaa hapo zaidi ya mwaka.

Je, ukimya ule uliondoa hofu? Aliyehudhuria misiba ya Januari na Februari 2021 anajua jibu. Msemaji wa familia anasimama, anasoma wasifu wa marehemu, anafika kwenye sababu ya kifo na kusema: "changamoto ya upumuaji." Hakuna anayeuliza swali. Ila utaona mikono inaingia mifukoni na mikobani, barakoa zinatoka, na watu wanasogeza viti kimyakimya. Nyumbani sufuria la nyungu limejaa mchaichai na mwarobaini. Woga ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni maelekezo: nani apimwe, wapi kuna oksijeni, mzee wa nyumbani alindwe vipi. Mwishoni mwa Januari maaskofu Katoliki ndio walioandika waraka kuwaonya waumini kuhusu wimbi jipya. Ukiona maaskofu wanafanya kazi ya wizara, ujue kuna waliokimbia zamu.

Watetezi wa ukimya hupenda kunyooshea kidole Kongo. Tazama Beni na Butembo, wanasema, watu walivyovamia vituo vya Ebola. Nami nawaambia, tazameni sana. Mlipuko ule ulitangazwa Agosti 1, 2018. Desemba, zikibaki siku chache kabla ya uchaguzi, tume ikaahirisha kura katika miji hiyo hadi Machi, wakati rais mpya angekuwa ameshaapishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa wazi; kisanduku cha kura pekee ndicho kilichoambukiza! Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Beni. Ilikuwa kosa, na wagonjwa wasio na hatia walilazimika kukimbia. Lakini hasira ile ilitokana na kuona ugonjwa wa kweli ukitumiwa kama kisingizio. Tena Desemba 30 wakazi haohao wa Beni waliandaa kura yao ya mfano, wakapanga foleni na kunawa mikono kabla ya kupiga. Hao ndio tunaoambiwa hawawezi kuhimili habari.

Wanaosoma majanga kwa kazi hawashangai. Enrico Quarantelli, mwanasosholojia aliyeanzisha na wenzake kituo cha utafiti wa majanga Ohio mwaka 1963, alitumia maisha yake kuchunguza watu katika matetemeko, mioto na mafuriko. Alikuta kwamba umma kukurupuka kwa pamoja ni jambo nadra, watu husaidiana. Mwaka 2008 Lee Clarke na Caron Chess wakaandika kuhusu taharuki ya upande wa pili, ile ya wakubwa, wanaoogopa umma kiasi cha kuficha habari na kuvuruga mambo. Wakubwa wa Wuhan waliionyesha wazi korona ilipoanza. Daktari wa macho Li Wenliang aliwaonya wenzake Desemba 30, 2019; Januari 3 polisi wakamwita na kumtaka asaini karatasi ya karipio kwa kueneza maneno ya uongo. Alikufa kwa ugonjwa huohuo Februari 7.

Najua mtu ataniuliza kuhusu barakoa zilizopanda bei mwaka 2020. Mnunuzi alihitaji kujikinga na mfanyabiashara akaona faida. Huo ni ulanguzi, na dawa yake ni mkaguzi wa bei, si kufunga mdomo wa mganga mkuu.

Hapa kwetu taharuki ya wakubwa iliingia hadi kwenye sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilipiga marufuku kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Maana yake muuguzi wa zahanati aliyeona wagonjwa watatu wanatoka damu puani alitakiwa kuogopa simu yake kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya ni moja. Mlipuko ujao, na utakuja, fuateni mfano wenu wenyewe wa Machi 16, 2023: semeni mnachojua siku mnayokijua, semeni na msichokijua, kisha mrudi kesho yake kuongeza. Bukoba walitangaziwa ugonjwa usio na jina, na asubuhi yake wakaamka wakaenda sokoni.