AMWUGUZAYE MGONJWA WA MOYO NAYE NI MTU



Mtu akipasuliwa moyo, mara nyingi mfupa wa kifua hukatwa, nao huchukua majuma 6 hadi 12 kuungana. Muda huo hawezi kuinua hata debe la maji. Nani humsaidia kuinuka kitandani, humhesabia vidonge, na hukesha akisikiliza pumzi zake? Ni mkewe, mumewe au mwanawe. Naye alfajiri lazima awe kazini.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ilimwandikia mgonjwa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Mwuguzaji haikumwandikia hata moja. Basi hula siku zake 21 za livu ya mwaka, na zikiisha hufanya kazi huku roho yake i nyumbani. Akisinzia, tajiri humwita mvivu. Sisi twakataa! Huo si uvivu, ni hofu na uchovu.

Twadai kila mapatano na matajiri yataje siku za kuuguza, zenye malipo. Nanyi wanachama, mwulizeni mwenzenu hali yake, mshikieni zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.