Upasuaji Unaosubiri, Mgonjwa Asiyeweza Kusubiri



Neno moja baya laweza kuficha maumivu ya watu wengi. Chukua maneno "upasuaji wa hiari". Ukiyasikia, huenda ukadhani ni anasa ya mtu aliyeamka asubuhi akapenda kupasuliwa. Sivyo. Madaktari humaanisha upasuaji unaoweza kupangiwa tarehe: kuondoa mtoto wa jicho, kushona ngiri, kuziba fistula, hata kutoa uvimbe wa saratani. Nakushauri useme "upasuaji wa kupangwa", kwani hakuna anayeipenda ngiri kwa hiari yake.

Korona ilipotangazwa kuwa janga la dunia mwezi Machi 2020, upasuaji wa aina hii ndio uliosimamishwa kwanza. Watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha msukosuko huo, upasuaji wapata milioni 28.4 ungeahirishwa au kufutwa ulimwenguni. Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Oksijeni na vifaa vya kujikinga vilikuwa haba, na utafiti wa Mei 2020 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa walioambukizwa karibu na siku ya kupasuliwa, takriban mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya siku 30.

Hata hivyo, mzigo haukugawanywa sawa. Hapa Uganda, usafiri wa umma ulisitishwa tarehe 25 Machi, na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Siku chache baadaye magari ya binafsi nayo yakazuiwa, na amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja jioni. Aliyetaka gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini alihitaji kibali cha Kamishna Mkazi wa Wilaya. Mjamzito naye alikuwa chini ya sharti hilo, mpaka lilipolegezwa mwezi Aprili. Mwenye gari na jamaa mjini aliweza kupata njia. Mkulima wa kijijini angeipata wapi?

Kwa hiyo, ukifungua daftari la chumba cha upasuaji la hospitali ya maskini na kuona idadi imeshuka, usidhani kwamba magonjwa yamepungua. Ngiri isiyoshonwa yaweza kubana utumbo mpaka ukafa, na upasuaji mdogo wa kupangwa ukawa dharura ya usiku wa manane. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi tulikuwa na nyufa nyingi tayari. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa upasuaji duniani lilipendekeza kila nchi ifikie upasuaji 5,000 kwa watu 100,000 kila mwaka, na Uganda ilikuwa mbali sana na kiwango hicho hata kabla ya korona. Anayepunguziwa kikombe kimoja kati ya kumi hana hali moja na anayepokonywa kikombe pekee.

Maoni yangu ni haya. Janga lijalo lisimkute mgonjwa akitafuta kibali cha kwenda hospitalini. Kila hospitali ya umma itangaze idadi ya wanaosubiri kupasuliwa, na fedha za kupunguza foleni zianzie kwa wasio na mlango mwingine wa kubisha.

Huku si kuomba hisani. Agosti 2020, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2011, Mahakama ya Kikatiba ya Uganda iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vya umma ni ukiukaji wa katiba. Wananchi waliuliza, wakasubiri miaka tisa, wakajibiwa.

Nawe uliza. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kina kamati ya usimamizi, hudhuria mkutano, simama kwa adabu, useme: "Ni wangapi wanaosubiri, na tangu lini?" Sentensi hiyo ni fupi, nawe tayari una Kiswahili cha kuitamka.