Picha za Habari Zisikolezwe Rangi

Mwaka 2009 majaji wa shindano la picha bora za habari nchini Denmark waliziengua picha ambazo mpigapicha Klavs Bo Christensen alizipiga Haiti. Hakuna mtu aliyefutwa wala kupachikwa ndani yake. Majaji walitilia shaka rangi, wakaomba faili ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, wakalinganisha, wakakuta zimekolezwa kupita kiasi. Sisi tunaona walihukumu sawasawa, na tungependa vyumba vya habari vya kwetu viwe na ukali huohuo.

Picha ya dijitali ni nukta nyingi ndogo, na kila nukta kwa kawaida hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo zikikaribiana, rangi hufifia kuelekea kijivu. Zikiachana, rangi hukolea. Kukoleza ni kuziachanisha kwa nguvu, na nguvu hiyo ina ukuta. Chukua kanga nyekundu: nyekundu ikishagonga 255 na zile mbili zikaporomoka hadi 0, mikunjo yote ya kitambaa hupotea. Linabaki bapa la rangi lisilo na kivuli. Ukishahifadhi picha hiyo kama JPEG, hata ukiipunguza rangi baadaye, mikunjo hairudi.

Ngozi zetu ndizo huumia kwanza. Rangi ya kahawia ni chungwa lililotulizwa. Ukiikoleza, chungwa linajitokeza, na mama wa watu anaonekana kama amepakwa udongo. Programu za kuhariri picha kama Lightroom, mbali na kipimo cha kukoleza rangi zote kwa pamoja, zina kipimo cha pili ambacho huinua zaidi rangi hafifu, huziacha zilizokwishakolea, na hujaribu kuilinda ngozi. Anayelazimika kuongeza rangi aanzie hapo, tena kidogo. Akumbuke pia kwamba simu nyingi hukoleza picha zenyewe kabla hajagusa chochote, na kwamba buluu na kijani vinavyong'aa kwenye kioo haviwezi kutoka hivyo kwa wino wa gazeti.

Lakini hoja yetu kubwa ni ukweli. Piga picha ya malisho ya Longido wakati wa ukame, kisha ikoleze: nyasi zilizokauka zinageuka dhahabu, udongo unakuwa mwekundu wa kupendeza, anga inakuwa buluu ya kadi ya posta. Mfugaji anayehesabu mizoga amewekwa ndani ya mandhari ya kitalii. Au kijani kiinuliwe peke yake, na ofisa anayeitazama picha hiyo mezani atajiuliza ukame uko wapi. Msomaji amedanganywa bila neno moja la uongo kuandikwa.

Picha za harusi na matangazo hatuzisemei hapa. Mwenye sherehe ana hiari ya kuchagua rangi zake. Picha ya habari haina hiari hiyo. Tunawaomba wahariri wa picha waandike kanuni fupi, waibandike ukutani na kuwapa pia wapigapicha wa kujitegemea: kusahihisha mwanga na weupe kunaruhusiwa, kukoleza rangi ili picha ipendeze hakuruhusiwi, na faili ya awali iletwe pamoja na picha iliyosafishwa. Mhariri akishuku, azifungue zote mbili bega kwa bega kabla ukurasa haujaenda kiwandani.